Kupiga picha uga wa karibu wa pete ya metamateriali ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua

Kuna maswali matatu nayapata kila wiki kuhusu kupiga picha uga wa karibu, yaani nguvu ya umeme na sumaku iliyo karibu kabisa na kitu, mengine saa tano za usiku mtu nshalala. La kwanza, "Terahezi inawezekana huku kwetu Pemba?" La pili, "Mbona kwenye mwanya wa pete pamekuja peusi na wewe ulisema ndo penye umeme mkubwa?" La tatu, "Mbona nikiskani mara mbili napata picha mbili tofauti?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

La kwanza nalimaliza hapa hapa. Terahezi yenyewe (mawimbi yanayotikisika mara trilioni kwa sekunde) mie hapa Chake Chake sina na wewe huna, mana inataka leza ya mipigo mifupi mno, ya femtosekunde, meza isiyotikisika na hewa kavu, na hewa kavu huku tunaisikia tu. Lakini pete ya metamateriali (vitu vinavyotengenezwa kwa kupanga vipande vidogo vidogo vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko wimbi) haijui kama ni ndogo au kubwa. Ukiikuza mara elfu, masafa yake yanashuka mara elfu, na ramani ya umeme inabaki na sura ile ile. Pete ya milimita 30 inayolia (yaani inayotikisika yenyewe kwa nguvu) kwenye gigahezi 1.4 ni dada mkubwa wa pete ya mikromita 30 inayolia kwenye terahezi 1.4, yule mdogo hafiki hata nusu ya unene wa unywele. Huyu mkubwa unaweza kumkata kwa wembe ukampima kwa kifaa cha mkononi. Ndo tutakachofanya.

Kitu kimoja tu hakikui sawa sawa, nacho ni hasara za chuma. Kule terahezi, ukilinganisha na ukubwa wa pete, zinakuwa kubwa kiasi cha mara 30 kuliko kwetu, kwa hivo mlio wa mdogo ni mfupi na mpana zaidi. Sura ya ramani haibadiliki.

Nadharia, kidogo tu

Pete yenye mwanya kwa kazi ya metamateriali ilipendekezwa na mwanafizikia John Pendry na wenzake mwaka 1999. Umeme unazunguka pete, ukifika kwenye mwanya unakwama, chaji zinarundikana, chanya huku hasi kule, alafu zinarudi nyuma zinarundikana upande wa pili. Kama maji kwenye beseni ulilolitikisa, yanapanda huku yanashuka kule. Kila pete ina kasi yake ya kutikisika, hiyo ndo resonansi, mie naita mlio. Kwa makisio ya haraka mlio wa kwanza unakuja pale mzingo wa pete unapokuwa karibu nusu ya urefu wa wimbi, na sahani ya PCB (ule ubao wa saketi wenye shaba) inauvuta chini kidogo.

Kwa nini uga wa karibu? Kwenye gigahezi 1.4 wimbi lina urefu wa milimita 214. Ukiangalia kwa mbali huwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nusu ya wimbi, kwa hivo pete yetu yote ya milimita 30 ni nukta tu. Dawa ni kusogea karibu na kitu kidogo cha kunusia, kwetu sisi ni sindano ya waya. Mwanasayansi Synge aliliwaza hilo mwaka 1928, na mwaka 1972 watafiti Ash na Nicholls walitumia mawimbi ya sentimita 3 wakaona vitu vidogo kufikia sehemu ya 1 kwa 60 ya wimbi. Walitumia mikrowevu kama sisi, usione haya.

Jambo moja ulishike, mana ndo jibu la swali la pili: sindano iliyosimama wima inahisi umeme uliosimama wima, uliolala haiuoni. Kamera ya simu inachukua kila kilichopo mbele yake, sindano inachagua. Wengi wanaonitumia picha wakilalamika "imeharibika", picha zao ni nzima kabisa, hawajaiuliza tu sindano inahisi nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- NanoVNA, kifaa cha mkononi chenye milango miwili, kinatuma wimbi mlango wa 1 na kupima linalofika mlango wa 2. Ile V2 inayofika gigahezi 3 ndo nzuri. Ile ya mwanzo iko vizuri mpaka megahezi 900, juu ya hapo inajikaza tu, kwa hivo ukiwa na hiyo tengeneza pete ya milimita 60 badala ya 30 (vipimo vyote zidisha mara mbili), mlio utashuka karibu nusu.
- Sahani ya PCB aina ya FR4, unene milimita 1.6, shaba upande mmoja. Vipande VIWILI vya milimita 60 kwa 60. Kimoja kitakuwa pete, cha pili utakitoa shaba yote. Kila mtu anasahau cha pili.
- Kebo za RG316 zenye konekta za SMA, mbili za kukata na moja ya akiba.
- Printa ya 3D kuukuu. Isiyochapa tena haina neno, mradi mota zinatembea. Huna? Karatasi ya grafu na subira.
- Povu jeupe la kwenye maboksi ya TV. Madukani wanalitupa, waombe.
- Chuma cha kulehemu, wembe, maka isiyofutika, msasa laini, multimita, utepe wa shaba kidogo, bomba la biki iliyokwisha wino.
- Kadi nne za benki zilizoisha muda. Utaona za nini.
- Kompyuta yenye Python, na betri ya kuwasha kila kitu umeme ukikatika. Utakatika.

Kwenye kebo usibane pesa. Mie niliwahi kununua kebo rahisi, muuzaji kaniapia ni nzima, nikaitumia wiki mbili, kumbe ukiigusa tu kwenye shingo ya konekta awamu (wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake) inaruka digrii arubaini. Wiki mbili za skani zikaenda na maji. Ya kwako ijaribu hivi: iunge, angalia awamu kwenye kioo, tikisa kebo taratibu. Ikiruka, mrudishie mwenyewe.

Hatua

1. Chora na kata pete. Kipenyo cha nje milimita 30, upana wa njia ya shaba milimita 3, mwanya milimita 2. Chora kwa maka, paka mara mbili, iache ikauke. Asidi ya PCB ukiipata Dar au Unguja ni sawa, ukiikosa changanya siki na maji ya oksijeni (haidrojeni peroksidi) ya duka la dawa na kijiko cha chumvi, inakula polepole lakini inakula. Fanya nje penye upepo, vaa glavu, chombo usikifunike kwa nguvu mana kinatoa gesi. Na maji yake ya kijani yana shaba, usiyamwage karibu na kisima. Kipande cha pili kitie humo humo bila kukichora mpaka shaba iishe yote.

   Kosa linalonichekesha kila nikilikumbuka: kijana mmoja wa Wete alipima mwanya kwa multimita, ikalia pii, akasema haujakatika, akaukata tena. Ikalia tena. Akaukata tena. Mpaka ananipigia mwanya una milimita 7. Multimita lazima ilie, mwanangu, mana umeme unazunguka njia ya nyuma ya pete! Mwanya unakaguliwa kwa macho, piga picha kwa simu uikuze.

2. Safisha shaba. Hewa yetu ya chumvi inaifanya shaba nyeusi ndani ya siku chache. Isugue kwa ndimu kama unavyosugua sinia, suuza kwa maji mengi, kausha vizuri. Ndimu ikibaki kwenye mwanya inapitisha umeme, mlio unakufa.

3. Tengeneza kitanzi cha kuamsha pete. Kata kebo moja, toa waya wa ndani, uzungushe kitanzi cha kipenyo cha milimita 10, ncha yake uilehemu kwenye maganda ya nje ya kebo hiyo hiyo. Hichi kinakwenda mlango wa 1 wa NanoVNA, na kitakaa chini ya pete, katikati, umbali wa milimita 10. Usikigandishe kwenye sahani kabisa. Kikikaribia sana kinaipokonya pete mlio wake, unajikuta unapima kitanzi na pete kwa pamoja.

4. Tengeneza sindano. Kebo ya pili, ikate wima safi, acha waya wa ndani utokeze milimita 2 tu. Wa RG316 ni nyuzi nyuzi, zipake risasi kidogo zishikane, alafu uiingize kebo kwenye bomba la biki iwe ngumu. Inakwenda mlango wa 2. Watu wanaacha waya wa milimita 10 wakidhani ndo inasikia zaidi. Ni kweli inasikia zaidi, inasikia mpaka mtaa wa pili, picha inakuwa uji.

5. Ifunge sindano kwenye printa. Toa kichwa cha kuyeyushia plastiki lakini kile kihisi cha joto kiache kimeunganishwa, kining'inie pembeni, ukikichomoa printa nyingi zinagoma kutembea kwa kudhani kuna hatari. Hita yenyewe ichomoe. Kebo ya sindano ifunge sehemu mbili, kwenye kichwa na kwenye fremu, iwe na mkunjo mpana usiobadilika sana ikitembea. Kwa printa ambazo meza ndo inayotembea, kebo ya kitanzi nayo inacheza, kwa hivo ifunge hivo hivo.

   ONYO, na hili limenitoa machozi: usiitumie printa amri ya G28 tupu. G28 inapeleka kila upande nyumbani pamoja na kushuka chini, sindano itachoma sahani na kupinda. Mie nimepinda tatu. Tuma `G28 X Y` tu, urefu utauweka kwa mkono.

6. Inua sahani. Meza ya printa ni chuma, na chuma chini ya pete kinabadilisha kila kitu. Panga povu mpaka pete iwe angalau milimita 80 juu ya meza, toboa tundu la kitanzi kupita. Povu kwa mawimbi haya ni kama hewa. Mbao inawezekana ikiwa kavu, ila mbao kavu huku msimu wa masika nani anayo.

7. Weka urefu wa sindano. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, nne zikipandana ni 3 na nukta. Weka kadi nne juu ya pete, shusha sindano mpaka iziguse, zichomoe, alafu tuma `G92 Z3` printa ijue hapo ni 3. Rudia kwenye pembe zote nne za eneo utakaloskani. Pembe moja ikiwa chini, tia karatasi chini ya povu. Hatua hii inachukua nusu saa na hakuna anayependa kuifanya, lakini uga wa karibu unapungua kwa kasi sana ukipanda juu, tofauti ya milimita moja tu upande mmoja na picha itakudanganya kwamba pete ina upande wenye nguvu.

8. Tafuta mlio. Peleka sindano juu ya ncha moja ya mwanya (juu ya shaba, pembeni ya mwanya, sio katikati yake). Fagia (pitisha masafa moja baada ya jingine) kutoka gigahezi 0.8 mpaka 2 ukiangalia S21, yaani kiasi kinachotoka mlango wa 1 kikafika wa 2. Utaona kilima mahali kati ya 1.2 na 1.6, kitategemea mkono wako ulivyokata. Sasa hakikisha ni pete inayolia na sio kebo: ziba mwanya kwa kipande cha utepe wa shaba. Kilima lazima kipotee. Kisipopotea, hicho sicho, endelea kutafuta. Njia ya haraka zaidi ni kusogeza kidole karibu na mwanya, kilima cha kweli kinateleza kwenda masafa ya chini kama kinakikimbia kidole.

   Uzuri wa masafa haya ni kwamba yako mbali na Wi-Fi ya 2.4 na mitandao ya simu ya 900 na 1800, kwa hivo jirani akipiga simu hakuharibii kitu. Ukitengeneza pete ukaiangukiza 900 au 1800, hilo ni lako.

9. Bana ufagiaji. Weka megahezi 200 kilima kikiwa katikati, pointi 101, yaani kila megahezi 2. Usipime masafa mamoja tu, chukua ufagio mzima kila pointi, mana mlio unahama kidogo na joto la chumba na sindano yenyewe, ukiwa na ufagio mzima utachagua baadae. Kalibresheni (kukiweka sawa kifaa kabla ya kupima) usiipotezee siku nzima. Tunalinganisha pointi na pointi kwa kebo zile zile, kwa hivo kalibresheni ya kawaida ya kuunganisha mlango wa 1 na wa 2 kwa ile kebo ya akiba inatosha kabisa.

10. Jaribu kama sindano haisumbui. Juu ya ncha ya mwanya, pima mlio ukiwa milimita 5, alafu 3, alafu 1. Ukiona kilima kinahama zaidi ya sehemu ndogo ya upana wake, hapo sindano imekuwa sehemu ya pete, panda juu. Kwangu milimita 3 iko salama, 1 haiko.

11. Skani. Eneo la milimita 40 kwa 40, hatua ya milimita 2, ni pointi 21 kwa 21, jumla 441. Kila pointi sekunde 2 na kidogo, robo saa umemaliza. Programu inafanya hivi: tuma mfano `G1 X20 Y20 F1500`, tuma `M400` usubiri jibu ili printa iwe imefika kweli, subiri tena thuluthi ya sekunde mtikisiko uishe, ndo usome NanoVNA. Ile ya mwanzo inaongea maandishi ya kawaida kwenye USB, V2 inaongea kwa baiti, kwa hivo tafuta maktaba ya Python ya kifaa chako, usiandike yako mwanzo. Hifadhi namba zenye sehemu mbili, halisi na ya kufikirika. Ukihifadhi desibeli (kipimo cha ukubwa tu) peke yake umeitupa awamu, na awamu ndo nusu ya habari.

    Skani mistari yote kwa upande mmoja, kushoto kwenda kulia, rudi bila kupima. Ukipima kwenda na kurudi, ulegevu wa mikanda unaipa picha meno ya msumeno. Ikitoka safi, rudia kwa hatua ya milimita 1, pointi 1681, karibu saa nzima. Mie hizo nafanya baada ya isha, upepo umetulia na watoto hawapiti mbio ukumbini.

    Kwa mkono je? Chora grafu ya milimita 4, pointi 11 kwa 11, bandika juu ya kipande cha povu, sogeza sindano mwenyewe. Nimefanya, mgongo uliuma siku mbili, picha ilisomeka.

12. Skani sahani tupu. Usiguse kebo, usiguse kitanzi, badilisha sahani tu, rudia skani ile ile. Hii inakupa kile sindano inachosikia moja kwa moja kutoka kwenye kitanzi bila kupitia pete. Kisha toa ya pili kwenye ya kwanza, pointi kwa pointi, kwa zile namba za sehemu mbili. USITOE DESIBELI KWA DESIBELI. Kutoa desibeli ni kugawanya, utapata kitu kizuri cha rangi rangi kisicho na maana.

13. Chora. Picha mbili kwenye masafa ya kilima, moja ya ukubwa na moja ya awamu. Hii ndo sehemu tamu, kaa vizuri.

    Kwenye picha ya ukubwa utaona mabaka mawili yanayong'aa, moja kila upande wa mwanya, na katikati yao mstari mweusi mwembamba. Mstari huo unaendelea mpaka nyuma ya pete, kule mkabala na mwanya, ambako nako ni peusi. Hapa ndo simu yangu inaanza kuita. Umeme wa mwanyani ni mkubwa kweli, lakini umelala, unatoka ncha moja kwenda ya pili, na sindano yetu imesimama. Kwenye ncha zenyewe umeme unachomoza juu, sindano inaupata wote. Picha yako ni sahihi.

    Sasa fungua ya awamu. Baka la kushoto na la kulia lazima yatofautiane digrii 180, huku chanya kule hasi. Yangu ya mwisho ilitoa 174, nikaridhika. Mabaka mawili yenye awamu sawa na mkabala na mwanya pakawa na baka la tatu lenye awamu kinyume, hapo umeshika mlio wa pili, ambao uko karibu mara mbili ya masafa ya kwanza. Huo ukiutaka kwa makusudi, sogeza kitanzi cha kuamsha kutoka katikati ukipeleke chini ya mkono mmoja wa pete, mana kikiwa katikati kinauamsha kidogo sana.

14. Ukitaka sumaku. Badili sindano kwa kitanzi kidogo cha milimita 5 kilicholala sambamba na sahani. Ndani ya pete patang'aa, zaidi upande ulio mkabala na mwanya ambako mkondo ni mkubwa, na ukivuka shaba kwenda nje awamu inageuka. Tatizo la kitanzi kisichofunikwa ni kwamba kinasikia na umeme pia. Ujanja wake: skani, alafu kigeuze kitanzi juu chini na uskani tena. Alama ya sumaku inageuza ishara, ya umeme haigeuzi. Toa moja kwa nyingine, gawanya kwa mbili, umebaki na sumaku.

Na hawa wa terahezi wanafanyaje?

Wengi wanauliza kwa hivo kwa ufupi. Sindano yao ni kipande kidogo cha semikondakta chenye antena ya mikromita chache, kinachofunguliwa na mpigo wa leza na kusoma uga kwa wakati huo huo mdogo, alafu wanabadilisha wakati kuwa masafa kwa hesabu. Wengine wanatumia ncha ya chuma kali na kusoma kinachotawanyika. Adui wao mkubwa ni mvuke wa maji, unameza mawimbi kwenye mistari kama terahezi 0.557, 0.752, 1.097 na 1.163, kwa hivo wanajaza naitrojeni kavu kwenye boksi zima. Ukifungua boksi hilo Mkoani mwezi wa nne, nadhani unaona kitakachotokea. Mengine yote, sindano kusumbua pete, kuchagua upande wa uga, kutoa mandharinyuma, ni matatizo yale yale ya kwako, wao yamepungua mara elfu tu.

Ikigoma

*Sioni kilima chochote.* Angalia kwanza kitanzi cha kuamsha, lehemu mbovu ndo sababu mara nyingi. Kisha angalia kama sindano iko katikati ya mwanya badala ya kwenye ncha, pale hata pete ikilia kwa nguvu husikii kitu. Kisha ule uchafu wa ndimu.

*Kilima kipo lakini hakipotei nikiziba mwanya.* Ni kebo au meza ya chuma. Inua povu zaidi.

*Baka moja linang'aa kuliko la pili.* Rudi hatua ya 7, sahani imeinama. Kama urefu uko sawa, kitanzi cha kuamsha hakiko katikati.

*Picha ina mistari ya kulala, kama TV ya zamani.* Awamu inahama polepole wakati unaskani. NanoVNA iwashe nusu saa kabla ipate joto lake, zima feni inayoipulizia, na kila mwisho wa mstari rudi kwenye pointi moja ya marejeo uipime, baadae unasahihisha kwa hiyo.

*Picha mbili za pete ile ile hazifanani.* Kati ya skani ya kwanza na ya pili uligusa kebo. Utasema hukugusa. Uligusa.

*Umeme ulikatika katikati.* Andika faili kila mstari, usisubiri mwisho. Printa ikizimika inasahau iko wapi, kwa hivo `G28 X Y` tena, urefu tena kwa kadi, na uanzie mistari miwili nyuma ya pale ilipokatikia ili ulinganishe kama inaungana. Isipoungana anza upya tu, mie nimewahi kuilazimisha iungane kwa hesabu mpaka alfajiri na mwisho nikaskani upya vile vile.